Jahazi la Ndara: Mchango Wako Unalipia Nini Hasa?

Tarehe 15 Septemba 2018, Siku ya Usafi Duniani, chombo kipya kilishushwa majini Lamu. Kilikuwa na urefu wa mita 9 hivi, na kwa mbali hukuweza kukitofautisha na vyombo vingine vya pwani ile: mkuku, mataruma, ubavu uliopinda, mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu. Ukikisogelea ndipo unapoona kwamba ubavu umevikwa vipande vya ndara, yaani kandambili, vyekundu, vya buluu, vya kijani na vya manjano, vimepangwa vikashikana mpaka vikawa kama ngozi ya chombo. Zilitumika tani 10 za taka za plastiki zilizokusanywa kwenye fukwe na miji ya pwani ya Kenya, na ndara peke yake zinakadiriwa kuwa 30,000. Chombo kikaitwa Flipflopi.

Habari hii imesimuliwa sana kama hadithi ya ubunifu, na kwa kweli inastahili. Mimi naitumia kwa jambo jingine. Watu wengi wanatamani kusaidia mashirika ya hisani yanayopigania uchumi wa mzunguko, yaani utaratibu ambao kitu kikishatengenezwa kinatumika, kinakarabatiwa, kinatumika tena, na mwisho kabisa kinageuzwa malighafi badala ya kutupwa. Kinachowakwaza ni swali moja: fedha yangu inakwenda kufanya nini ambacho kisingefanyika bila mimi? Flipflopi ni kisa kizuri cha kujibia swali hilo kwa sababu mradi huo umepitia hatua zote: wazo, chombo cha maonyesho, safari, kampeni ya sheria, kisha kazi ya kila siku ya kushughulikia taka kisiwani. Kila hatua ina gharama yake na kila hatua huvuta mchangiaji wa aina yake. Niseme mapema ninachoamini: hatua inayowavuta wachangiaji kirahisi siyo ile inayowahitaji zaidi.

Malighafi isiyo na nyuzi

Wazo lilianza mwaka 2016, na aliyelianzisha ni Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii aliyechoshwa na plastiki alizoziona ufukweni. Dipesh Pabari akajiunga naye kuuongoza mradi. Lakini wazo lingebaki karatasini kama asingepatikana Ali Skanda, fundi wa Lamu mwenye ujuzi wa kuunda vyombo na kuchonga mbao. Kuanzia wazo hadi chombo kuelea ilipita miaka miwili, na sababu za kukawia huko zinafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mtu asiyezijua hudhani plastiki ni plastiki tu, unaiyeyusha unaimimina kwenye kalibu, basi.

Sivyo. Chukua rundo la taka lililookotwa ufukweni asubuhi moja. Ndani yake kuna madumu na chupa za sabuni, ambazo kwa kawaida ni plastiki ngumu ya aina ya HDPE, huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Kuna vifuniko vya chupa, vingine ni HDPE na vingine ni polipropilini, inayohitaji nyuzi 160 au zaidi kidogo. Kuna chupa za maji na soda, ambazo ni PET, nazo hazilainiki vizuri mpaka zikaribie nyuzi 250. Ukivitia vyote katika tanuri moja kwa joto la HDPE, vipande vya PET vitabaki vigumu kama kokoto ndani ya ubao wako, na ubao utavunjika palepale penye kokoto. Ukipandisha joto mpaka PET iyeyuke, hiyo nyingine imeshaanza kuharibika. Na kikiingia kipande cha PVC, cha bomba au cha waya, joto likizidi kinatoa gesi ya asidi inayochoma koo la mfanyakazi na kula chuma cha mashine.

Kwa hiyo kabla ya ufundi wowote kuna mikono. Mtu anakaa na rundo, anatenganisha kipande kimoja kimoja, anaangalia alama chini ya chupa, anakwaruza kwa kucha, anatumbukiza ndani ya maji aone kama kinaelea. HDPE na polipropilini huelea, PET na PVC huzama. Kisha vinaoshwa mchanga na chumvi, vinaanikwa, vinasagwa. Tani 10 zilipita katika mikono ya namna hiyo kabla fundi hajashika msumeno.

Ndara nazo zina shida yao. Nyingi hutengenezwa kwa povu la EVA ambalo chembe zake hufungamanishwa kiwandani ili kandambili iwe laini na idumu. Kufungamana huko ndiko kunakoifanya isiyeyuke tena: ukiipasha moto inaungua, haigeuki uji. Ndiyo maana fukwe nyingi za Bahari ya Hindi zimejaa ndara na ni nadra dalali wa chuma chakavu au wa plastiki kuziulizia. Zinaelea, zinasafiri mbali, na soko lake ni finyu. Kilichowezekana ni kuzikata, kuzibana pamoja na kuzifanya vazi la nje. Rangi zile zinazopendwa na wapiga picha zimetokana na mkwamo wa kiufundi, na mimi nikiziona ninakumbuka kwanza kwamba huo ni mzigo uliokosa mnunuzi.

Halafu fundi mwenyewe. Mti una nyuzi, na fundi wa vyombo anazisoma kabla hajapiga tezo, anajua taruma litapinda upande upi na ubao utapasuka wapi. Plastiki iliyoyeyushwa haina nyuzi. Inajipinda kirahisi karibu mara kumi ya mbao ngumu za kuundia vyombo, kwa hiyo kiungo cha mti chenye unene fulani hakiwezi kubadilishwa na cha plastiki chenye unene uleule. Tena inatanuka kwa joto. Ubao wa HDPE wa mita 5, ukitoka kwenye ubaridi wa alfajiri ukafika kwenye jua la adhuhuri, uso wake ukapanda nyuzi 30, unaweza kurefuka sentimita 1.5 hadi 3. Ubao wa mti wa urefu huohuo haufiki hata milimita 1. Sasa fikiria kalafati. Kazi yote ya kuziba nyufa za chombo inategemea mbao zitulie mahali pake zikinywa maji na kuvimba. Hapa mbao hazinywi maji, na hazitulii.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Hakuna mwenye kiwanda angelipia jaribio hilo. Faida haipo, mnunuzi hayupo, na uwezekano wa kushindwa ni mkubwa. Ni kazi ya fedha ya hisani kwa maana yake halisi: fedha inayoweza kupotea bila mtu kufilisika, ikinunua maarifa ambayo yakishapatikana yanakuwa ya wote. Anayetoa kwa hatua kama hii asiulize atapata tani ngapi. Aulize maarifa yameandikwa wapi na nani amefundishwa.

Safari mbili

Mwishoni mwa Januari 2019, kaskazi ikivuma, Flipflopi iling'oa nanga Lamu kuelekea Zanzibar. Ni safari ya kilomita 500 hivi, njia ileile ambayo majahazi yamepita kwa karne nyingi wakati huo wa mwaka. Ilisimama njiani kwenye miji na vijiji vya pwani, watoto wa shule wakaletwa ufukweni, mikutano ikafanywa na wenye hoteli na viongozi wa maeneo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilishirikiana nao kupitia kampeni yake ya bahari safi. Februari wakatia nanga Mji Mkongwe.

Mwaka 2021 chombo kilipelekwa Kisumu kikazunguka Ziwa Victoria, kikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Naiona safari hiyo ya pili kuwa na uzito zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo iliyopata sifa. Ziwa lile ni la nchi tatu, na mfuko wa plastiki ukitupwa upande mmoja unaibukia upande mwingine. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2009 lakini utekelezaji ukasuasua. Kila nchi ilipofunga mlango wake, mifuko ilipenya kwa mlango wa jirani, kwa pikipiki, kwa mitumbwi, ndani ya magunia ya bidhaa nyingine. Kwa sababu hiyo Flipflopi ilitumia safari ya ziwani kudai sheria moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki dhidi ya plastiki zisizo za lazima zinazotumika mara moja na kutupwa.

Safari ndizo zinazopendwa na wadhamini. Kampuni inaweka nembo kwenye tanga, ubalozi unapata hafla, mtoaji wa kawaida anapata video nzuri. Sina ugomvi na hilo. Kudai sheria kunahitaji kusikika, na chombo cha ndara kinasikika kuliko ripoti ya kurasa mia. Ila mtoaji ajue kwamba hapa amenunua sauti, na sauti hupimwa kwa kipimo chake: ni waraka gani ulipelekwa, ulipokelewa na kamati ipi, nini kilibadilika katika maandishi ya kanuni. Watoto elfu kuliona jahazi ni jambo jema, lakini halitoshi kuwa jibu.

Kilo moja ya plastiki, Lamu

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo naamini ndiyo kiini cha kisa. Baada ya safari, kazi ilirudi nyumbani. Mradi ulijenga Lamu shughuli ya kukusanya, kuchambua na kuchakata plastiki, kutengeneza samani na mbao za plastiki, na kufundisha vijana ufundi wa vyombo. Kazi hii haina shangwe. Inaanza asubuhi, inaisha jioni, kesho inaanza tena.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake havipitiki kwa lori, mizigo inabebwa na punda na mikokoteni, na kila kitu kinachoingia kisiwani kinakuja kwa chombo. Maji ya chupa yanaingia, mafuta ya kupikia kwenye madumu yanaingia, sabuni kwenye vifuko inaingia. Vinavyotoka ni vichache. Chombo kilichokuja kimejaa kinarudi Mokowe, gati la upande wa bara, mara nyingi kikiwa kitupu, kwa sababu hakuna anayelipia kupakia taka.

Tuseme kijana mmoja ameamua kukusanya chupa za maji. Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu kati ya 10 na 25 kutegemea kampuni, kwa hiyo kilo moja inahitaji chupa 40 hadi 100, na mzigo mwingi anaoubeba ni hewa. Azikanyage zipungue ukubwa, atoe vifuniko, abandue karatasi za majina. Kisha ampate mwenye chombo wa kumvushia, kisha lori la kumpeleka Mombasa, zaidi ya kilomita 300, kwenye wanunuzi wakubwa. Mnunuzi anampa bei ileile anayompa aliyekusanya chupa mtaa wa pili, na bei hiyo inafuata soko la mafuta ya petroli duniani: mafuta yakishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi, na aliyekusanya ya zamani anaumia. Toa nauli ya chombo, toa lori, toa kodi ya banda la kuhifadhia. Kilichobaki hakimlishi mtu.

Hilo ndilo pengo. Halitokani na uvivu wa watu wa Lamu wala na kukosa elimu ya mazingira, maneno yanayosemwa kirahisi sana na watu wasiowahi kubeba gunia la chupa. Ni hesabu isiyofunga. Na pale hesabu isipofunga, taka zinakwenda jalalani, zinachomwa nyuma ya nyumba, au zinasubiri kusi izipeleke kwenye mikoko.

Wanaoonja matokeo mapema ni punda. Wanazurura wakitafuta malisho, wanakula mabaki ya chakula yaliyofungwa ndani ya plastiki, na plastiki inajikusanya tumboni mpaka njia inaziba. Shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na kituo Lamu tangu mwaka 1987, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth wameshirikiana nalo na Flipflopi kuchunguza jinsi wanyama wa huko wanavyokula plastiki. Katika mji ambao punda ndiye lori, mnyama akifa kwa kuzibwa utumbo familia imepoteza riziki. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya chupa ya maji, lakini imelipwa, na aliyeilipa ni maskini.

Fedha ya hisani inapoingia hapa inafanya kazi ya kuziba tofauti kati ya gharama ya kukusanya kilo moja na bei ya kuiuza. Inamlipa mkusanyaji hata mwezi ambao bei imeanguka. Inanunua mashine ya kusaga ili mzigo upungue ukubwa kabla haujavushwa. Inawezesha ubao wa plastiki utengenezwe hapohapo kisiwani, usipande chombo kabisa, uwe benchi, uwe ngazi ya gati, uwe sehemu ya mashua. Faida ya pili ni msituni: Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya Kenya, na mbao nzuri za kuundia vyombo zimezidi kuwa adimu. Kila mahali ambapo ubao wa plastiki unafaa, pana mti mmoja usiohitajika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza atoe vipi, namwambia atoe kwa ajili ya kazi ya asubuhi hadi jioni. Atoe kidogo lakini kila mwezi, na asilifunge shirika kwa masharti ya kununua kitu fulani chenye jina lake. Mashirika mengi ya taka yana mashine zilizotolewa na wafadhili zikiota kutu, kwa sababu kila mfadhili alitaka mashine na hakuna aliyetaka kulipia dizeli, mkanda uliokatika au mshahara wa mwenye kuiendesha. Na ukitaka kulijua shirika, omba hesabu ya kilo: zimekusanywa ngapi, za aina gani, zimeuzwa au kutumika wapi, ngapi zimeshindikana na zimepelekwa wapi. Shirika linaloweza kukuonyesha zilizoshindikana linafahamu kazi yake. Linalosema kila kilichookotwa kimerejelezwa, liulize ndara ziko wapi.

Nina neno pia kuhusu usafi wa siku moja wa ufukweni, kwa sababu ndio msaada unaotolewa na watu wengi. Unaamsha watu, na kama taka zinahesabiwa kwa aina na kwa chapa ya kampuni, unazaa ushahidi wenye nguvu sana mbele ya watunga sheria. Bila hesabu na bila mahali pa kupeleka magunia, umehamisha taka kutoka ufukweni hadi jalalani, na upepo utazirudisha.

Hoja za wanaotilia shaka

Kuna watu wanaofanya kazi hii kwa moyo ambao hawaupendi mfano wa jahazi, na hoja zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza: jahazi si mzunguko. Chupa iliyogeuka chupa ni mzunguko. Dumu lililogeuka ubao wa chombo limeshuka daraja, na ubao huo ukichoka itakuwa vigumu kuugeuza kitu kingine. Kweli kabisa. Lakini jambo hili linadai kupimwa kwa kulinganisha na hatima ambayo dumu lile lingekuwa nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law ulikadiria kwamba dunia ilikuwa imezalisha tani bilioni 8.3 za plastiki hadi mwaka 2015, na kwamba katika plastiki zilizokwisha kuwa taka ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa; asilimia 79 zilikuwa majalalani au zimetapakaa. Kwa dumu la kisiwa cha Kiwayu au cha Pate, kuwa ubao wa mashua kwa miaka ishirini ni nafasi bora kuliko nyingine zote lilizokuwa nazo. Hata hivyo, mchangiaji ana haki ya kulibana shirika: mwaka ujao ni kitu gani mtakizuia kisiingie kisiwani kabisa? Kuchakata kunakuja baada ya kupunguza na kutumia tena, na shirika linalosahau mpangilio huo hugeuka mtumishi wa wazalishaji wa taka.

Ya pili ni chembe ndogo. Plastiki ikikaa juani na kusuguliwa na mchanga inamomonyoka, na chombo kinachovutwa ufukweni kila siku kinasuguliwa sana. Hoja hii ina uzito, na kwangu inatosha kusema kwamba mbao za plastiki zianze kutumika nchi kavu na juu ya maji kabla ya kuwa ubavu wa kila mashua ya mvuvi.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: kwa nini watu watoe sadaka kufanya kazi ya serikali? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka. Kodi imelipwa. Shirika likifika na kuanza kuzoa, kaunti inaweza kushusha pumzi na kuhamishia fedha kwingine. Hatari hiyo ipo popote, na dawa yake ni makubaliano ya maandishi tangu mwanzo: kaunti inatoa nini, kwa muda gani, na lini inachukua mzigo. Shirika lisilo na maandishi hayo linaweza kuwa na watu wema sana na bado likawa linaiharibu kaunti.

Anayepaswa kulipa

Chukua hoja hiyo ya tatu uisogeze hatua moja mbele. Kaunti haikutengeneza chupa. Haikuamua kwamba sabuni ya shilingi chache iuzwe kwenye kifuko cha tabaka tatu kisichoweza kuchakatwa na mtu yeyote. Aliyeamua ni mzalishaji, na uamuzi ulimpunguzia yeye gharama huku ukimwongezea mtu wa Lamu.

Kenya ilishalitamka hilo kisheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji wawajibike kwa bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake, inazitaka kaunti ziweke vituo vya kuchambua na kuokoa malighafi, na inaagiza taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kanuni za wajibu wa mzalishaji zikafuata mwaka 2024. Kwa lugha nyepesi, kampuni inayoweka chupa sokoni inatakiwa ichangie gharama ya kuikusanya.

Hii inabadilisha kazi ya mchango wako. Kabla ya sheria, fedha ya hisani ilikuwa inaziba pengo lisilo na mwenyewe. Sasa pengo lina mwenyewe, na fedha ya hisani inapaswa kuwa mkopo wa muda hadi mwenyewe alipe. Ndiyo maana ninathamini sana takwimu za kilo zinazoandikwa na vituo vidogo kama kile cha Lamu: aina ya plastiki, chapa, gharama halisi ya kuiokota, kuiosha na kuivusha. Mzalishaji akikaa mezani na mamlaka kujadili kiwango cha ada, atakuja na hesabu zake. Mwenye hesabu za upande wa pili ni nani, kama si yule aliyebeba gunia?

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ada ya mzalishaji ikilipwa kwa tani, bila kuangalia tani imetoka wapi, fedha zote zitakimbilia Nairobi na Mombasa. Huko chupa ziko nyingi, barabara zipo, wanunuzi wako karibu. Kampuni itatimiza lengo lake la mwaka kwa bei nafuu bila kukanyaga kisiwa hata kimoja. Sheria itakuwa imetekelezwa, na fukwe za Kiwayu zitabaki vilevile. Suluhisho lipo na si gumu: kiwango cha ada kizingatie umbali na ugumu wa kufika, tani ya kisiwani ihesabiwe kwa thamani kubwa kuliko tani ya mjini, na wakusanyaji wa visiwani wawe na kiti katika vyombo vinavyogawa fedha hizo.

Kudai hivyo kunataka mtu wa kusoma rasimu za kanuni, kuhudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma, kuandika maoni kabla ya tarehe ya mwisho na kurudi tena vikao vikiahirishwa. Mtu huyo anahitaji mshahara, nauli na mahali pa kulala. Hakuna mfadhili wa tanga anayempiga picha. Ningekuwa na fedha ya kutoa mwaka huu kwa shirika lolote la aina hii, ningeigawa mafungu mawili: moja kwa mchambuzi wa taka kisiwani, la pili kwa mtu huyo wa vikaoni, na ningeomba kila robo mwaka nitumiwe nakala ya maoni aliyoyapeleka.